Kigoma Imeziba Mlango

"Na mimi nitalala wapi?"

Hapo zamani, tena si zamani ya mbali, zamani hii hii ambayo mtu ana simu mbili na bado hapatikani, swali hilo liliulizwa katika nyumba moja mjini Tabora. Liliulizwa kwa sauti ya kusikika, mbele ya watu wazima watatu wenye masikio yao. Hakuna aliyelijibu. Mmoja alikohoa. Mmoja aliomba asogezewe bisibisi. Wa tatu alikumbuka kwamba ameacha maharage jikoni.

Muulizaji alikuwa Milembe, binti wa chuo kikuu, bingwa wa midahalo. Hakuzoea kuuliza akanyimwa jibu. Sogeeni basi, msikie jinsi swali lilivyozaliwa.

Baba yake, Mzee Mihayo, alikuwa mkuu wa stesheni mstaafu. Mhandisi mmoja mgeni, alipokuwa anafungasha kurudi kwao, alimwachia boksi. Ndani yake mlikuwa na treni ya kuchezea ya umeme: kichwa cha treni kinachoenea kiganjani, mabehewa yake, na reli nyembamba za kuunganishwa kipande kwa kipande. Mzee alilibeba boksi lile hadi nyumbani kama mtu aliyekabidhiwa mjukuu. Kisha akatafuta mahali pa kuilaza treni. Sebule ilikuwa ya wageni. Chumba cha Nkwabi, mwanawe mkubwa, kilikuwa na Nkwabi. Kikabaki chumba kidogo cha Milembe, na Milembe alikuwa Dar es Salaam akitetea haki za watu wengine.

Wakaanza kupanga, baba na mwana. Nkwabi alikuwa seremala, akataka reli izunguke chumba kizima, treni ipite na kupita bila kusimama.

"Izunguke?" akasema Mzee. "Treni si punda wa kukamua alizeti. Treni inaondoka, inafika, inarudi."

"Sawa, mzee. Iondoke wapi, ifike wapi?"

Mzee akachukua chaki, akachora sakafuni. Tabora katikati, kwa sababu Tabora ndiyo njia panda. Mwanza ukuta wa kaskazini. Dar es Salaam mashariki, kwenye ukingo wa dirisha, wakazi wake wapate upepo. Mpanda kusini-magharibi, na kusini-magharibi palikuwa na kabati la nguo la Milembe, kwa hiyo Mpanda ikaingia kabatini, kati ya magauni. Na Kigoma ikawekwa magharibi.

"Baba," Nkwabi akasema, "magharibi ni mlangoni."

"Mwanangu, Kigoma iko magharibi tangu Mungu aumbe magharibi. Abiria wangu niliwapeleka huko miaka yote. Leo niwageuzie safari kwa sababu ya mlango?"

Nkwabi akaanza kuunda meza ya mbao ya kubeba reli, akiifuata chaki ile. Kona ya kuelekea Mwanza aliichora kwa kuzungushia sufuria, treni ikaanguka. Akaichora upya kwa kuzungushia sinia la pilau. Treni ikapita vizuri, ikisukumwa kwa kidole. Mbao zilipopungua, akatazama kitanda cha dada yake. Kitanda cha mninga, kizito, kimekaa bure. Akakivunja, chaga zikawa daraja na miguu ikawa nguzo. Mwishowe akapigilia ubao wa Kigoma imara mbele ya mlango, ukuta hadi ukuta. Wakapongezana. Wakataka kwenda kunywa chai. Mlango ulikuwa wa kufungukia ndani. Haukufunguka.

Mama yao, ambaye alikuwa fundi cherehani na alishonea barazani, aliinua macho akamwona mumewe anatoka dirishani kwa kutanguliza mguu mmoja. Akamwona mwanawe naye. Akashusha macho, akaendelea na upindo. Milembe alipompigia simu kuuliza kama chumba chake kipo, mama alijibu, "Kipo, mwanangu. Hakijahama."

Basi likizo ikafika, na Milembe akafika nayo. Akazungusha ufunguo, akasukuma. Mlango ukagoma.

"Nani humo?" akauliza.

"Zunguka dirishani, mama," ikajibu sauti ya baba yake. "Kigoma imeziba."

Milembe alidhani mzee ana homa. Akazunguka mbio. Akapanda juu ya ndoo, akachungulia, akaikuta Dar es Salaam iko usawa wa pua yake. Akaingia chumbani mwake kama mwizi, begi mgongoni. Akaona nguzo, akazitambua kwa nakshi: miguu ya kitanda chake. Akafungua kabati, akaikuta Mpanda. Ndipo alipouliza swali lile mnalolijua, na mama yake, aliyekuwa anatazama kwa nje, akakumbuka maharage.

Akalala kwenye kochi la sebuleni. Wageni wa baba yake walifika alfajiri, wakakaa miguuni pake, wakamuuliza masomo yanaendeleaje. Kitabu hakisomeki, shuka halikunjiki, hata nguo anabadilishia bafuni. Nyumba ile alizaliwa humo, na hakuwa na hata pembe ya kuegemeza mgongo. Hilo ndilo lililomuuma, wala si mbao.

Akakusanya hoja. Akaziwasilisha mezani. Akasema habari ya haki, ya kushirikishwa, ya watoto wa kike kupokonywa nafasi pindi wakigeuza kisogo.

Baba akatafuna taratibu. "Siku unaondoka ulisemaje? Ulisema hutalala tena ndani ya kiberiti hiki."

"Nilikuwa nimekasirika, baba."

"Mimi nikakuamini."

"Na kitanda? Kitanda nacho kilisema hakirudi?"

"Mninga ule, dada," Nkwabi akasema kwa upole, "kuuacha ukae bure ilikuwa dhambi."

Hapo mngedhani kisa kimekwisha kwa Milembe kushindwa. Bado. Kwa maana treni yenyewe ilikuwa haitembei. Waya zilifungwa, swichi ikabonyezwa, kichwa cha treni kikakaa kimya. Mzee alikitikisa. Nkwabi alikifungua na kukifunga. Wakakubaliana kwamba kimekufa, na baba akakaa dirishani siku nzima, uso umeelekea uani. Mama aliacha upindo wake. Alikichukua hadi kwenye cherehani, akachomoa nyuzi na vumbi kwenye magurudumu kwa sindano, akatia tone la mafuta ya cherehani. Akakirudisha relini. Kikakohoa, kikaondoka kuelekea Mwanza.

Ukabaki mlango. Wanaume walikuwa wamekwishazoea dirisha. Mzee alikuwa amechana suruali mbili na hakuona neno. Milembe ndiye aliyesema, "Kaka, kata Kigoma. Itie bawaba. Treni ikiwepo, Kigoma inainuka mezani. Treni ikiondoka, Kigoma inalala chini na mlango unafunguka."

"Na itabaki magharibi?" baba akauliza.

"Itabaki magharibi, baba."

Nkwabi akakata, akatia bawaba. Mlango ukafunguka, na nyumba ikapata utaratibu mpya. Mama akimtuma mzee dukani, sauti inatoka ndani: "Siwezi kutoka, Mama Nkwabi. Treni iko Kigoma." Wateja wanaomdai Nkwabi makabati yao wakimtafuta, treni iko Kigoma. Milembe alihesabu udhalimu huo wote moyoni, akaandaa hotuba ya mwisho, ile ya kuivunja reli yote hadi taruma la mwisho chini ya chuma.

Hotuba ikangoja. Mchana mmoja, baba kaenda msibani, kaka yuko karakana, Milembe aliingia chumbani kutoa gauni Mpanda. Mama alipakua ugali. Akaita. Akaita tena.

"Milembe, chakula kinapoa."

Kisha sauti ndogo ikasema, "Nakuja, mama. Treni iko Kigoma."

Habari hiyo ilimfikia Nkwabi kabla ya jua kuzama. "Mheshimiwa," akasema, "nasikia hoja yako imepata ajali ya treni."

"Mtu anaweza kuonja mboga ya mwizi wake," Milembe akajibu, "na bado akadai sufuria."

Wakaanza kugombana upya, na safari hii wote wanne. Mama akachomoa ufunguo mlangoni. Ulikuwa mmoja tu. "Atakayestahili zaidi atapewa huu," akasema, "na neno lake humo ndani ndilo la mwisho. Akisema reli ikae, ikae. Akisema ing'oke, ing'oke. Semeni."

Mzee Mihayo akasema: "Bila mimi, hakuna treni. Boksi nimepewa mimi, njia nimeichora mimi, nyumba nimeijenga mimi. Mengine yote yamefuata nyuma kama mabehewa."

Nkwabi akasema: "Bila mimi, treni iko kwenye boksi. Chaki ya baba haibebi hata behewa moja. Mimi nimekata, nimepigilia, nimejichoma kwa waya. Kitanda nimevunja, nakubali, na kingine nitampa."

"Lini?" akauliza Milembe.

"Treni ikitoka Kigoma."

Mama akasema: "Bila mimi, mngekuwa na maiti juu ya meza ya mninga. Nyinyi mlijenga kaburi zuri, mimi nikamfufua marehemu. Nilijua tangu mwanzo na sikumwambia mtoto, kweli. Lakini mnajua kimya changu kilizuia ugomvi kwa muda gani?"

Milembe akasimama, kama alivyozoea. Akasema: "Bila mimi, hakuna chumba, hakuna kitanda cha kuvunja, na mzee angevunjika kiuno dirishani. Ninyi mmetoa mlivyopenda kutoa. Mimi peke yangu nimetoa bila kuulizwa. Ni kweli nilisema sirudi. Ni kweli nimeiendesha, tena nimeipenda. Lakini kukipenda kilichojengwa juu ya kitanda changu hakunipi mahali pa kulala."

Mama akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga yake.

"Pingamizi," Milembe akasema. "Mama, mdai hawezi kuwa hakimu."

"Basi tafuta hakimu," mama akasema, akaenda kuosha vyombo.

Ametafuta, na amekufikia wewe. Ufunguo uko kwenye pindo la kanga, na binti yuko kwenye kochi. Je, nani alistahili ufunguo: mwenye wazo, mwenye mikono, mwenye mafuta, au mwenye chumba? Nakuomba utaje jina moja, na useme kwa nini.