Karibu ya Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na simu na kabla hawajazitupa kwa hasira, Kiboko alitengeneza programu ya kufunga ghala la kijiji. Sikilizeni, wanangu, mcheke vizuri.

Vikapu vya mbegu za masika vya wanyama wote vilikuwa humo, na kufuli la ghala lilitii simu ya Kiboko peke yake. Alijisifu mpaka mashavu yakamwuma.

"Nywila ya herufi arobaini! Na alama ya pua yangu! Nani ataingia?"

Kindi, mama wa watoto wanne, akaichungulia ile simu. "Bwana Kiboko, hiki kijisehemu cha programu yako kinachofungua kufuli, mbona umekiacha wazi kwa programu nyingine zilizomo simuni?"

"Ili programu ya Kifaru ya hali ya hewa ikiona jua, ikiambie kifungue, mbegu zipate hewa. Ujirani mwema!"

"Kikipigiwa hodi, kinauliza nani?"

"Aa! Kinasema karibu tu. Sisi waungwana."

"Hata Fisi anajua kupiga hodi. Basi nirudishie kikapu changu cha mbegu. Wanangu watakula nini?"

"Hoo! Hoo! Hoo!" Kiboko akacheka pamoja na Kifaru aliyekuwa kando yake. "Kijidudu hiki kinatufundisha sisi! Mbegu haitoki mpaka mvua inyeshe."

Ama kweli, ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.

Kindi akaenda zake. Kesho yake, wanyama wote wakiwa uwanjani, akaja ameinamisha kichwa.

"Bwana mkubwa, nimekutungia programu ya ngoma ya kukusifu. Iweke simuni mwako, kisha gusa hapa."

Sifa tena! Bwege yule hakuuliza hata swali moja. Akaiweka, akagusa.

Ti-ti-ti! "Kibokooo, bingwa wa akili!" ikaimba simu. Kumbe humo ndani ngoma imepiga hodi kwa kile kijisehemu, nacho kimejibu karibu. Kacha! Kwaaa! Ghala likafunguka mbele ya wote, Fisi akameza mate.

"Lakini nywila yangu haijaguswa!" Kiboko akalia.

"Ya kazi gani?" akasema Kindi, akijitwika kikapu chake. "Kijisehemu hicho ama ukifunge kwa wageni wote, ama kimdai kila mgeni kibali chako."

Wanyama wengine nao wakachukua vikapu vyao upesi, kabla Fisi hajasogea. Kiboko akabaki na ghala tupu na herufi zake arobaini.

Nanyi shikeni hili: asemaye karibu bila kuuliza nani, asimlaumu aliyeingia.