Punda Hakimu na Kubadhi la Pandu

Hapo zamani, katika mji wa Kimbaji, ambao leo ukiuulizia hutapata mtu wa kukuonyesha ulipokuwa, alitawala Sultani mmoja jina lake Mursali, na huyo Sultani alikuwa na punda. Msicheke bado. Punda huyo hakubeba maji wala mawe. Alikuwa hakimu, na Hakimu ndilo lililokuwa jina lake. Alivikwa joho la darizi, akala tende zilizotolewa kokwa, na kichwani alifungwa kilemba cha mikunjo saba, ambacho Sultani alimfunga kwa mkono wake mwenyewe, maana hakumwamini mtu mwingine kwa kazi hiyo. Kazi ya punda ilikuwa kutambua wezi. Mshitakiwa husimamishwa mbele yake kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Punda akilia kabla kahawa haijaisha, huyo ni mwizi, na akinyamaza, huyo ni mtu mwema, aende zake.

Na watu wa Kimbaji waliamini. Sultani alipenda kuwaambia wageni, "Wezi saba amewatambua, na wote saba wamekiri." Ni kweli walikiri, lakini walikiri baada ya mboko, na kwa mboko zile hata mimi ningalikiri kwamba nimeiba mwezi. Ama wale ambao punda aliwanyamazia, hakuna aliyekwenda kutazama walikuwa na nini majumbani mwao.

Basi siku ya pili baada ya Maulidi, mrashi wa fedha wa Sultani, ule wa kuwanyunyizia wageni marashi, ukatafutwa usionekane. Asubuhi ile mtu wa nje aliyeingia jumbani alikuwa mmoja tu, Bi Mwanakheri, dobi, aliyeleta kanzu zilizofuliwa. Akasimamishwa mbele ya Hakimu. Waziri Badi, msimamizi wa punda, akamiminiwa kahawa, na hata hajaifikisha nusu, punda akalia. Ikawa hukumu kwamba siku ya saba Bi Mwanakheri akatwe mkono wa kulia, naye akatiwa kifungoni.

Sasa huyu Mwanakheri alikuwa na mume, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mumewe ni Pandu, mshona makubadhi, maskini wa kutupwa, ambaye mji mzima ulimwita Pandu Chechele kwa kuwa alikuwa akitumwa chumvi anarudi mikono mitupu kuuliza ametumwa nini. Alikuwa na tabia nyingine iliyowachosha watu zaidi: neno lolote alilichukua kama lilivyo. Ukimwambia ngoja kidogo, anataka kujua kidogo chako ni kiasi gani. Lakini alimpenda mkewe, na alipoisikia habari ile, aliifikiria mikono yake. Aliijua mikono ile ilivyochanika kwa sabuni na jua. Ndiyo iliyomlisha siku zote ambazo watu wa Kimbaji walitembea pekupeku.

Akaenda barazani, akapiga magoti. "Maulana," akasema, "punda wako hajui kitu."

Waziri Badi akatazama chini, akaomba Mungu asionekane kwamba amesikia.

Sultani akasema, "Ewe Pandu, umemtukana hakimu wangu mbele ya watu. Basi nithibitishie kwamba hajui. Nakupa siku sita. Ukishindwa, utakatwa mkono pamoja na mkeo, mpate kufanana."

Pandu akakuna kichwa. "Maulana, kuthibitisha kwamba punda hajui, hilo siliwezi. Nikimkuta hajui leo, mtaniambia alijua jana. Lakini niruhusu nikae juu ya neno langu, kwamba hajui kitu, mpaka punda mwenyewe aniondoe."

"Kaa," akasema Sultani, akidhani ni maneno tu.

Pandu akaenda mbio nyumbani, akarudi na mkeka wake wa kulalia, akautandika katikati ya baraza, akaketi.

"Nini hiki?" akauliza Sultani.

"Ndilo neno langu, Maulana. Umeniruhusu nikae juu yake."

Waziri akamwamuru askari amnyanyue. Pandu akamtazama yule askari kwa upole, akamwambia, "Ndugu yangu, Sultani amesema nitaondolewa na punda. Ukiniondoa wewe, watu watasemaje?" Askari akafikiri, akarudi mahali pake. Akaitwa wa pili, naye akajidai kwamba mgongo unamuuma. Ikawa hakuna aliyejitolea.

Basi Pandu akakaa. Akatoa kubadhi moja, lile ambalo pacha wake alikwisha kupotea siku nyingi. Alilishona mwenyewe, soli na uso vya ngozi moja na uzito mmoja, kwa hiyo likirushwa huangukia huku au kule bila upendeleo. Kila aliyeingia barazani Pandu alimwomba afiche kokwa ya tende katika mkono mmoja, kisha akalirusha kubadhi hewani: soli ikiwa juu, kokwa iko kulia, soli ikiwa chini, iko kushoto. Wakafungua mkono, wakatazama, na Pandu akachora mstari wa mkaa kwenye nguzo ya Sultani. Kila kokwa ilikuwa swali moja, akayapanga maswali kumi kumi. Kwa siku tatu hakuna shauri lililosikilizwa Kimbaji. Mabwana wakubwa wenye majambia walipanga foleni kuficha kokwa, na wengine wakarudi mara ya tano.

Siku ya nne Sultani hakuweza kuvumilia. "Umerusha kiatu mara elfu, ewe Pandu. Kimekuambia nini?"

"Hakikuniambia kitu, Maulana, na ndicho nilichotaka. Je, Waziri anakubali kwamba kiatu hakijui lolote?"

"Mjinga gani asiyekubali?" akasema Waziri.

"Basi kiatu kisichojua lolote, nimekipa mafungu mia ya maswali kumi kumi. Kimepata sita au zaidi mara thelathini na nane. Kimepata nane au zaidi mara tano. Kimepata tisa au zaidi mara moja tu. Hiyo ndiyo nguvu ya bahati peke yake. Sasa punda naye apewe watu kumi, wengine wezi, wengine si wezi. Akitaka kuniondoa hapa, afanye jambo ambalo kiatu hakiliwezi ila kwa nadra."

Waziri akasema, "Akipata sita inatosha. Sita ni zaidi ya nusu."

"Kwa sita, bwana Waziri, kubadhi langu lingekwisha kukata mikono thelathini na minane."

"Basi apate kumi," akasema Sultani, aliyeanza kuipenda habari hii.

"La, Maulana, kumi nako ni kumwonea punda. Huenda anajua kweli, ila siku hiyo tumbo linamsokota, akakosea mara moja. Kuna makosa mawili, kumkata mkono asiyeiba na kumwachia aliyeiba. Nikijikinga mno na la kwanza, la pili linaingia kwa mlango wa nyuma. Apate tisa, nitaondoka mkekani na mkono nitautoa. Ila liandikwe leo, litiwe muhuri, kabla punda hajafungua kinywa. Tukishamsikia, kila mtu atataka hesabu inayompendeza."

Likaandikwa, likatiwa muhuri. Ikabaki kuwapata wezi. Waziri akasema kwamba mtu aliyepewa tu kitu ashike si mwizi, na punda hatadanganyika. Pandu akakubali, akamnong'oneza Sultani sikioni, na Sultani akashika mbavu kwa kicheko.

Siku ya tano Sultani akaketi nyuma ya pazia na lile kubadhi, akawaita watu kumi wa baraza lake, mmoja mmoja. Kwa kila mmoja alirusha. Soli ikiwa juu, alimwambia, "Nenda ukaibe kitu nyumbani kwa Waziri Badi, usimwambie mtu." Soli ikiwa chini, alimwambia, "Nenda kwako ukakae." Sita wakaangukiwa na wizi, wanne wakaangukiwa na wema. Na hao sita walikuwa watu wa heshima, wenye ndevu na tasbihi. Lakini nawaambia, waliiba kana kwamba walikuwa wakiingoja ruhusa hiyo miaka mingi.

Siku ya sita baraza likafurika. Waziri Badi akaja amechelewa, kichwa wazi. "Maulana, nyumba yangu imeibwa. Mto wangu wa kulalia, kuku wa mayai, mbuzi ya kukunia nazi, bakora yangu, hata chungu cha pilau na pilau lake ndani. Namwomba Hakimu anitambulie mwizi."

"Ndiyo kazi tutakayoifanya leo," akasema Sultani, akijifuta machozi.

Wa kwanza kusimamishwa alikuwa mwandishi wa Sultani, mzee wa miaka sabini, aliyeutoa mto wa Waziri dirishani kwa mikono yake. Kahawa ikamiminwa, ikanywewa, ikaisha. Punda kimya. Akaja mnajimu, aliyeshinda kwake siku nzima akila ndizi. Punda akalia mpaka joho likamdondoka. Akaja aliyekula pilau, bado ana wali ndevuni, kimya. Kwa kila mtu Pandu naye alirusha kubadhi lake kando. Walipomaliza wote kumi, Sultani akaitoa orodha yake akaisoma. Punda alikuwa amepata tano. Kubadhi lilikuwa limepata sita.

Minong'ono ikaenea kwamba kubadhi lipewe joho. Sultani mwenyewe akaligeuza mikononi, akasema, "Ewe Pandu, hiki kiatu kimemshinda hakimu wangu. Nikifanye kadhi?"

"Tafadhali, Maulana, usifanye. Sita kinapata mara kwa mara. Umeona mwenyewe nguzoni."

Waziri akasimama, maana sasa alijua mto wake uko wapi na alikuwa na hasira. "Maulana, uliamuru athibitishe kwamba punda hajui. Kupata tano si uthibitisho. Hajathibitisha kitu."

"Kweli," akasema Pandu. "Sijathibitisha. Nilisema siliwezi. Mimi nimekaa tu, na punda hajaniondoa."

"Na mkeo?" akauliza Sultani. "Ina maana hakuiba?"

Bi Mwanakheri alikuwa ameletwa pale amefungwa kamba mikononi, akamtazama mumewe. Pandu akafikiri, akajibu kama alivyo. "Hilo nalo silo, Maulana. Punda kutojua hakumfanyi mke wangu kuwa mwema. Ni kwamba mpaka sasa hakuna aliyesema neno lolote juu yake, maana aliyesema ni punda. Na mtu ambaye hajasemwa neno, mkono wake hukaa palepale ulipo."

Mwanakheri akageuza uso.

Sasa wakati wanabishana, hakuna aliyekuwa amemshika punda. Naye alikuwa na njaa, kwa kuwa tende zake zilikwisha kuliwa na watu waliotaka kokwa za kuficha. Akauendea mkeka wa Pandu, akaunusa ukindu, akaanza kula. Pandu akajisogeza. Punda akala. Pandu akajisogeza tena, akakunja magoti, akabaki amechutama juu ya kipande kama cha sahani, na punda akakivuta hicho nacho, Pandu akajikuta sakafuni.

"Ameondolewa," akasema Waziri. "Punda amemwondoa juu ya neno lake, na sisi sote mashahidi."

Pandu, mtu aliyeishi kwa kulichukua kila neno kama lilivyo, leo neno limemgeukia. Akautazama mkono wake, akautazama wa mkewe. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Maulana, soma karatasi."

Sultani akaisoma. Tisa katika kumi. Kula mkeka hakukuandikwa.

"Na liongezwe," akasema Waziri.

"Liongezwe sasa, baada ya kuona?" akasema Pandu. Wakati huohuo punda akainamisha kichwa kuokota ukindu wa mwisho, kilemba kikalegea, mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu, na katika mkunjo wa saba kikatoka kitu cha fedha, kikagonga sakafu, kikabiringika mpaka kwenye kiti cha Sultani. Marashi yakanukia barazani.

Ulikuwa ule mrashi. Watu wote wakaanza kuitazama dari, kwa sababu kila mtu alijua kilemba kile hufungwa na nani. Na Sultani naye akakumbuka: siku ya Maulidi alitaka kumnyunyizia Hakimu kwa heshima, akauchomeka mrashi kwenye mikunjo apate kufunga kwa mikono miwili, akaitwa kula, akasahau.

Pandu, ambaye hakujua kuyapita mambo kimyakimya, akasema, "Maulana, sheria ni sheria. Aliyeuweka asimame mbele ya punda, sisi tunywe kahawa."

Waziri akafumba macho. Lakini Sultani akateremka kitini, akaenda kusimama mbele ya punda wake, na kahawa ikamiminwa. Baraza zima likangoja. Punda, kinywa kimejaa mkeka, akamtazama bwana wake, akatafuna. Kahawa ikaisha. Kimya.

"Nimeachiwa," akasema Sultani, akaangua kicheko hata akakaa chini sakafuni kando ya Pandu. Kisha kicheko kikakatika, kwani aliwakumbuka wale saba waliokiri, akaamuru waitwe siku ileile, na kuwaomba msamaha kulimchukua muda mrefu kuliko alivyotazamia.

Kamba ya Mwanakheri ikafunguliwa. Pandu alipoulizwa anataka nini, akasema mkeka. Akapewa mikeka saba na punda wa kuibeba, bila joho. Kubadhi Sultani alilizuia, na inasemekana tangu hapo kila alipokuwa na hakika kubwa juu ya jambo, alikwenda nyuma ya pazia, akasikika akirusha.

Njiani Mwanakheri alitembea mbele hatua nyingi akimvuta punda. Mwisho akasimama. "We Pandu. Mbele ya watu wote wale, ulishindwa kusema mke wangu hakuiba?"

"Niliulizwa punda ameonyesha nini."

"Na wewe?"

"Mimi nimekaa juu ya hilo tangu nilipokuoa," akasema Pandu, "na hajatokea wa kuniondoa."

Mwanakheri, kwa mkono wake wa kulia, mzima, akampa kamba ya punda aishike, wakaenda zao. Na kama walisemezana neno jingine, mimi sikulisikia, na nisilolisikia siwaambii.