Kilio cha Tembo Aliye Hai

Hapo kale, kale ile ambayo hata bibi yangu alisimuliwa tu, aliishi Tembo mmoja mwenye wasiwasi. Sisemi wasiwasi wa kawaida, wa kuogopa nyoka. Huyu aliogopa kila kitu! Akiamka, anakimbilia mtoni kuona kama maji bado yapo. Akirudi, anakagua ghala la mtama. Akitoka ghalani, anaukumbuka tena mto. Du! Du! Du! Kutwa anazunguka uani. Halali, hacheki, na chakula anakitazama tu mpaka kinapoa.

Sasa, chini ya ua ule palikuwa na shimo, na humo aliishi Sange, yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu. Alikuwa amejifungua karibuni. Kila Tembo alipopita juu, udongo ulimwagika, chwaa, juu ya watoto. Dari ilikuwa imeshapasuka. Sange alitamani kuwahamisha, lakini atawavusha vipi ua ambamo ile miguu haitulii?

Asubuhi moja alitoka akamwomba.

"Mtani wangu, hebu keti kidogo. Nyumba inataka kutuangukia, mimi na watoto."

"Nikae?" Tembo akashangaa, na hata hakusimama. "Nikikaa, mto nani atauangalia? Na ghala? Na mwanangu aliyekwenda kwa shangazi yake? Niache, Sange, niache!"

Du! Du! Du! Chwaa! Ufa ukaongezeka. Sange akawasikia wanawe wanalia chini ya ardhi. Ningekuwa mimi, ningekaa chini nilie. Sange naye alilia, ila yeye alilia kwa akili.

Mnawajua watani, wanangu? Ukoo wa Sange na ukoo wa Tembo zilitaniana tangu enzi za mababu, kwa sababu ya zile pua. Na mtani akija msibani ana ruhusa yake. Atamwiga marehemu, atavaa nguo zake, atawachekesha waliofiwa, na hakuna wa kumfukuza wala kumgusa.

Basi Sange akapanda juu ya kinu, akaweka mikono kichwani.

"Uwiii! Uwiii! Jamani, Tembo amekufa!"

Nyati, jirani yao, akaja mbio anahema. Mke wa Tembo akatoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza:

"Amekufa vipi? Si huyo hapo anatembea?"

"Shemeji," Sange akasema, "asiyelala, asiyekula, asiyecheka, ninyi mnamwitaje? Mimi mtani wake nimeshamlilia."

"Toka hapa!" Tembo akanguruma.

"He! Maiti anatufokea!"

Nyati akaangua kicheko. Tembo akatazama huku na huku kwa aibu. Kumpiga mtani kwenye kilio? Hata yeye hakuthubutu.

"Unataka nini ili unyamaze?"

"Maiti hulala. Lala pale pembeni, kivulini, mpaka jua lizame. Kilio kitakuwa kimekwisha, nami nitakwenda zangu. Ukijitikisa tu, naanza upya, na safari hii nitawaita mpaka wakwe zako."

Wakwe! Tembo akaenda kulala haraka. Puuu!

Sange akajitupia shuka la Tembo mgongoni, akaliburura uani kwa vijiguu vyake. Ti, ti, ti. "Mto upo? Upo. Ngoja niutazame tena, huenda umetoroka. Mwanangu amefika kwa shangazi? Amefika. Na shangazi je, yupo? Na kama yupo, ana chumvi?"

Mke wa Tembo akacheka mpaka akaketi. Sikio la Tembo likacheza.

"Maiti amechezesha sikio! Uwi..."

"Sijachezesha! Ni inzi!"

Mara upepo ukavuma. Mlango wa ghala ukafunguka, ba! Mtama! Tembo akafumbua macho, misuli ikamkaza. Sange akaganda. Akiruka huyu sasa hivi, akakimbilia ghalani, atapita juu ya watoto! Akamkimbilia sikioni.

"Maiti hafungi milango, mtani. Tulia. Nakuomba, tulia."

Mke wa Tembo akainuka, akaufunga mlango, akarudi zake jikoni. Basi. Ikawa ndiyo hivyo tu.

Tembo akashusha pumzi ndefu. "Kumbe unafungika hata nisipokwenda?"

"Miaka yote naweza kuufunga," mkewe akajibu kutoka jikoni. "Nikiinuka, nakukuta umeshafika."

Kope za Tembo zilikuwa nzito. Alijaribu kuuwazia mto, ukampotea. Krooo! Krooo!

Hapo Sange akatupa shuka, akaingia shimoni. Akatoka na mtoto mdomoni, akavuka ua, akamficha kwenye kichuguu cha ng'ambo. Akarudi. Akatoka tena, roho mkononi, jicho moja kwa Tembo.

Jua lilikuwa limeinama Tembo alipoamka, akamwona anapita na mtoto wa mwisho.

"Ala! Kumbe hukuwa unanililia mimi!"

Sange akamweka mtoto chini. "Wewe nilikulilia kidogo. Hawa ndio nilikuwa nawalilia zaidi."

"Umenichezea, Sange! Mchana mzima! Na mto sijauona!" Tembo akainuka, akapiga hatua kuelekea mtoni.

Gubu! Ardhi ikabomoka, mguu ukazama mpaka gotini. Akauchomoa taratibu. Kwenye kucha zake kulikuwa na nyasi laini, zile ambazo Sange aliwatandikia wanawe. Tembo akazitazama, kisha akamtazama yule mtoto, mdogo kuliko ukucha wake. Machozi yakamlengalenga.

Upande wa mtoni maji yalisikika yakipita. Tembo akarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka kivulini, akalala.

"Mtani," akasema, "jua bado halijazama. Niache nife kidogo tena."

Hadithi imefika ukingoni, na mafunzo yake ni haya: mwenye kuibeba dunia nzima kichwani hachoki peke yake, huwachosha na wanaoishi chini ya miguu yake.