Safari ya Siku Tatu ya Mama Tulizo

"Mpita njia si mjua njia."

Leo asubuhi mmeyasikia maneno haya pale gereji, fundi akimwambia yule kijana aliyejigamba kwamba Tanzania nzima ameshaimaliza kwa basi. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza nani aliyeyasema kwanza. Watu hudhani kila methali ni ya kale, imetoka kwa mababu ambao hata makaburi yao hayajulikani. Hii sivyo. Hii ina wenyewe, na nyumba yao iko hapa hapa Kihesa, mjini Iringa. Kaeni niwaeleze ilivyozaliwa.

Mzee Lukelo Chavala aliendesha lori miaka ishirini na minane. Mara mbili kwa wiki alitoka Iringa kwenda Songea na saruji au mbolea, akarudi na mahindi. Sifa yake ilikuwa moja: hakuchelewa. Wenzake walisimama Mafinga wakala nyama, wakasimama Makambako wakanywa chai na kupiga soga. Yeye alikula chakula alichofungiwa na mkewe, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani. Madereva wadogo wakampa jina la Ramani, na jina hilo alilipenda hata baada ya kustaafu. Mtu akitaka kusafiri upande wa kusini, alipita kwanza kwa Mzee Lukelo, akaambiwa mlima upi ushuke kwa gia ya pili na daraja lipi ni jembamba.

Mkewe, Bi. Ludovika, alikuwa fundi cherehani. Mwaka mmoja akaanza kupitisha uzi pembeni ya sindano. Akapelekwa hospitali, na daktari akasema ni presha ya macho. Dawa ya matone ingechelewesha mambo, lakini kilichokwisha kupotea hakitarudi. "Sasa unaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, mama," daktari alisema, "na bomba litazidi kuwa jembamba."

Bi. Ludovika hakulia. Walipofika nyumbani alivua viatu, akaketi, akasema, "Nataka kwenda kwa Asteria." Asteria ni binti yao mdogo, muuguzi kule Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa. "Nataka kwenda kwa barabara. Na kila siku tusafiri mchana tu."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, wakakaa mezani kupanga safari. Alikuwepo Tulizo, binti yao mkubwa, ambaye ndiye mwenye gari na ndiye angeendesha. Mzee Lukelo hakuhitaji hata karatasi.

"Tunatoka saa kumi na moja alfajiri," alisema. "Saa tano tuko Njombe, saa tisa Songea. Jioni tunakula ugali kwa Asteria. Hakuna cha kupanga."

Bi. Ludovika akatoa daftari la shule lililochakaa pembe. Ndani yake, kwa mwandiko wa miaka na miaka, yalikuwemo majina ya mahali. Kila mumewe aliporudi safari na kutaja jambo lolote wakati wa kula, yeye alikuwa akiliandika. Isimila, kuna kibao. Njombe, baridi na ukungu, wanasema kuna maporomoko. Mbinga, mbele ya Songea, wanasema kuna mashamba yenye mashimo.

"Nataka tusimame hapa, na hapa, na hapa," alisema, akisogeza daftari karibu na uso ili asome. "Siku tatu."

"Siku tatu!" Mzee Lukelo alishangaa. "Mama Tulizo, hapo Isimila ni korongo la mchanga tu. Njia hii naijua kama kiganja changu. Hakuna cha kutazama."

"Baba Tulizo," mkewe alisema polepole, "miaka ishirini na minane nimekufungia chakula cha njia. Njia yenyewe sijaiona. Nikingoja zaidi, sitaiona."

Tulizo akalivuta daftari, akachukua kalamu, akaanza kuandika saa pembeni ya kila jina. "Usukani ni wangu," alisema, "vituo ni vya Mama. Wewe Baba utakaa mbele utuongoze."

Kwa hiyo wakaondoka, watatu, saa mbili asubuhi, jua limeshachomoza. Saa hiyo ilimuudhi sana Mzee Lukelo. Aliona aibu kutoka Iringa wakati malori yameshafika Mafinga. Na hawakwenda hata nusu saa, Tulizo akawasha taa ya pembeni, akakata kona kuingia Isimila.

Kijana mwongoza watalii akawaamkia, shikamoo mzee, shikamoo mama, kisha akauliza kama kati yao kuna mwenyeji.

"Mimi," Mzee Lukelo alisema, akinyoosha mgongo. "Barabara hiyo hapo juu nimepita zaidi ya mara elfu tano."

"Hongera, mzee. Na huku chini umeshuka mara ngapi?"

Kijana aliuliza bila ubaya wowote, lakini Mzee Lukelo akainama kukaza kamba za viatu. Wakashuka. Alichokuwa akikiita korongo la mchanga kilikuwa bonde lenye nguzo za udongo zilizosimama zenyewe, nyingine ndefu kuliko nyumba ya ghorofa, mvua na upepo vimezichonga kwa maelfu ya miaka. Chini yalilala mawe yaliyochongwa na watu wa zamani za mbali sana. Bi. Ludovika alitazama nguzo moja kuanzia chini, akapandisha macho kidogo kidogo hadi kileleni, kwa sababu yote kwa pamoja hakuweza kuiona. Ilimchukua muda. Mumewe alimshika mkono asijikwae, na kwa kuwa alilazimika kungoja, naye akatazama.

Njombe ikawa vilevile. Mji ule alijua baridi yake, vituo vyake vya mafuta, na fundi mmoja wa matairi. Hakuwahi kufika Luhuji, nje kidogo tu ya mji, yanakoporomoka maji. Mkewe alisimama palipofika manyunyu, uso umeinuliwa, gauni likilowa, akicheka kama msichana. Mzee Lukelo alikaa kwenye jiwe, akikunja vidole kimoja kimoja. Usiku ule, katika nyumba ya wageni, Tulizo alimwuliza kama anaumwa.

"Siumwi," alisema. "Nahesabu tu mara nilizopita hapa."

Siku ya pili wakashika njia ya Songea. Milimani huko, kabla ya saa nne, Bi. Ludovika akafungua daftari, akasoma: "Kona ya honi."

"Hapo usinisimamishe," mumewe alisema. "Hiyo ni kona tupu. Ilikuwa kali, ng'ambo haionekani. Mzee aliyenifundisha lori alikuwa akisema kona usiyoiona ndani, iamkie kwanza. Basi nikawa napiga honi tatu, napita. Hakuna kitu pale."

"Nimeiandika," mkewe alisema. "Tulizo, simama."

Tulizo akaliweka gari pembeni, mbali kidogo na kona. Kweli palikuwa patupu: ukingo wa udongo mwekundu, miti ya mikaratusi juu yake, na mwanamke mmoja mzee kando ya barabara akipanga viazi kwenye madebe. Jina lake Bi. Eda Mlowe.

"Kamwene," Bi. Ludovika alimsalimu.

"Kamwene, mama. Karibuni viazi."

"Tutachukua. Lakini nimekuja kuiona kona hii. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, alikuwa akipiga honi hapa."

Bi. Eda akatabasamu kama anayeongea na mgeni. "Wanaopiga honi ni wengi, mama."

"Yeye alipiga tatu," Bi. Ludovika alisema. "Mbili fupi na moja ndefu."

Bi. Eda akaacha viazi. Akawatazama mmoja mmoja, macho yakamwishia Mzee Lukelo. "Lori la bluu?"

"La bluu," Mzee Lukelo alijibu. "Kwani kulikuwa na tatizo, mama?"

Yule mwanamke aligeuka, akaweka viganja mdomoni, akaita kwa Kibena kuelekea juu kwenye miti. Alilolisema hawakulielewa vizuri, isipokuwa neno moja lililorudiwa: Tatu, Tatu, Tatu! Watu wakaanza kushuka kwenye kijinjia ambacho Mzee Lukelo hakuwahi kujua kama kipo. Walishuka wanawake wenye majembe, mwanamume mwenye kofia ya sufu, na kina mama watu wazima waliokuwa wasichana wakati ule.

"Baba," Bi. Eda alisema, pumzi zikimpanda, "huko juu, nyuma ya miti hii, kuna shule. Nyumba zetu ziko ng'ambo ya barabara. Kila asubuhi watoto wetu walivuka kwenye kona hii hii. Magari yalikuja kimya, mtoto hajui. Tumezika wawili, mmoja wa dada yangu." Akamnyooshea mkono Mzee Lukelo. "Wewe ulipiga honi. Jumatatu na Alhamisi ulipanda, Jumanne na Ijumaa ulishuka. Tukawafundisha watoto: mkisikia tatu, kaeni ukingoni hadi apite. Na siku ambazo hukupita tukawaambia, simameni msikilize kama mnavyomsikiliza Tatu. Tangu wakati huo hatujazika mwingine. Jina lako hatukulijua, tukakuita Tatu."

Mzee Lukelo akavua kofia.

"Sikujua kuna shule," alisema.

"Mbona hukusimama hata siku moja, baba? Hata ya kunywa maji? Tukupe asante yako?"

Mwenye sifa ya kutochelewa angeweza kujitetea. Angeweza kusema habari za mzigo, za tajiri, za muda. Tulizo anasema alimwona baba yake akifungua kinywa kama anayetaka kusema hayo, akakifunga. Kisha akasimama wima mbele ya watu wale wote, mbele ya mkewe na bintiye, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Wenzangu waliniita Ramani, nami nikakubali. Barabara hii nimeipita mara elfu tano na zaidi, na kumbe sikuwajua ninyi. Mpita njia si mjua njia."

Bi. Ludovika akasogea hadi kwa mumewe, akamshika mkono, akawageukia wale wanawake. Hakuwahi kusimama wima namna ile tangu siku ya hospitali.

"Huyu ndiye Baba Tulizo," alisema. "Na chakula alichokuwa akila akipita hapa nilikifunga mimi."

Wanawake wakapiga vigelegele, wakamkumbatia yeye kuliko hata dereva mwenyewe. Wakawapandisha wageni wote hadi shuleni, kupitia kile kijinjia. Kutoka uwanjani Mzee Lukelo aliitazama barabara ikizunguka mlima chini yake, akaiona kwa mara ya kwanza kama wanavyoiona wanaoishi kando yake. Lori moja likapita. Akalifuata kwa macho hadi likapotea, likiwa na haraka zake. Waliondoka saa nane, gari limejaa viazi ambavyo Bi. Eda alikataa kabisa kulipwa.

Tangu hapo hakuna aliyemsikia Mzee Lukelo akiulizia saa. Siku ya tatu, baada ya kulala Songea, walipokuwa milimani upande wa Mbinga, yeye ndiye aliyesema, "Tulizo, simama." Mbele yao mteremko mzima ulikuwa umechimbwa mashimo ya kilimo, moja kando ya jingine, kama sega la asali. Wamatengo huyaita ngoro. Mzee Lukelo alimwita mkulima aliyekuwa karibu, akamwamkia, akamwuliza yanachimbwaje na kwa nini mvua haibebi udongo. Yule mkulima alieleza kwa nusu saa. Bi. Ludovika alisikiliza, akatazama, akaandika.

Walifika Mbamba Bay saa kumi alasiri. Asteria alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba! Wewe wa kutembea siku tatu? Mmeharibikiwa gari?"

"Hatukuharibikiwa," Mzee Lukelo alisema. "Tulikuwa tunajifunza njia. Mama yako ndiye mwalimu."

Usiku huo Tulizo alimsimulia dadaye yote, na neno alilolisema baba yao pale konani. Waliporudi Iringa akawasimulia majirani. Majirani wakaichukua kauli ile, madereva wakaipeleka stendi, na sasa mmeikuta hadi gereji kwa fundi, kila mtu akidhani ni ya mababu.

Bi. Ludovika macho yake yalipofuka kabisa mwaka wa nne baada ya safari ile. Lakini nendeni leo nyumbani kwao mkamwulize Mzee Lukelo habari za njia ya kusini. Atawakaribisha, atawapa viti, kisha atageuka na kuita kwa sauti ya majivuno ambayo sijaisikia kwa mume mwingine yeyote: "Mama Tulizo! Njoo, wageni wanaulizia njia!" Naye atakuja akipapasa ukuta, ataketi, na kuwaeleza yote: nguzo zina rangi gani jua likiwa upande gani, maji ya Luhuji yana baridi ya namna gani usoni, kijinjia cha shule kinaanzia mti upi, na jina la kila aliyemsalimu. Aliisafiri mara moja tu. Mumewe, wa mara elfu tano, hukaa pembeni akimsikiliza na kutikisa kichwa.

Na mgeni akishangaa, akiuliza inakuwaje asiyeona amweleze njia aliyeiendesha maisha yake yote, mzee hacheki wala haoni haya. Humjibu kwa maneno mliyoyasikia leo, na sasa mnajua aliyalipia nini: mpita njia si mjua njia.