Hundi ya Ubao

Kila mwaka Mwinchande, tajiri muuza vyerehani, alimkabidhi mwanachuo mmoja hundi ya ubao, kubwa kama mlango, akapigwa picha na waandishi wa habari, kisha pesa zisionekane. Safari hii ilikuwa ya milioni mbili, na mpokeaji alikuwa Zamoyoni, aliyeshona mabegi kwa mkono.

“Mzee wangu, pesa usijisumbue,” alisema baada ya picha. “Niachie ubao tu, watu wamjue mfadhili wangu.”

Mwinchande alicheka hadi kitambi kikatikisika. “Chukua, mwanangu!”

Kesho yake Zamoyoni aliingia dukani kwa Mwinchande na ubao kichwani, waandishi wa habari walewale nyuma yake.

“Nataka vyerehani vya milioni mbili. Au hundi yako haina pesa, mzee?”

Kamera zote zilimgeukia Mwinchande. Akawaambia wauzaji wake: “Mpeni.”

Zamoyoni alimkabidhi ubao. “Sasa utundike wewe.”