Karanga za Uji wa Watoto

Mama mmoja, jina lake Nyemo, alikuwa na chumba cha kusagia unga wa lishe. Humo aliingia peku, miguu imeoshwa, nywele zimefungwa, hata pete ameivua. Akina mama wenye watoto wanaoanza kula walinunua kwake kwa sababu waliogopa maradhi, na usafi wa chumba kile uliwatuliza. Binti yake mwenyewe, Semeni, alikuzwa kwa unga huohuo.

Karanga za kuchanganya katika unga huo alizileta shemeji yake, Chilongola, aliyezunguka vijijini kuzinunua.

"Simama hapohapo na vumbi lako, shemeji!" Nyemo alimwambia kila alipofika.

"Haya, bibi afya! Sisi wachafu tutabaki huku nje."

Wakacheka. Chilongola akashusha magunia, akaenda zake. Nyemo hakuuliza yametoka wapi, na Chilongola hakuuliza yanakwenda kufanywa nini. Kila mmoja aliiona kazi ya mwenzake kama nchi ya watu wengine.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha juu ya mavuno. Mkulima alikuwa ameanika karanga chini, juu ya udongo. Zikalowa. Akazifunga kwenye magunia kabla hazijakauka, akisema mnunuzi atazichambua. Chilongola alifungua gunia, akaona ukungu wa kijani, akasema moyoni kwamba moto wa Nyemo utaumaliza. Nyemo alionja, akasikia uchungu, akajiambia shemeji amekwisha kagua. Akazikaanga zaidi. Akaongeza sukari.

Haukupita muda mrefu, mtoto wa jirani aliyenyweshwa uji wa unga ule akalegea, macho yakawa ya manjano. Bwana afya alikuja, akakikagua chumba kile kila pembe, asione doa. Kisha akaingiza mkono ndani ya gunia, akatoa karanga moja, akaipasua kwa kucha. Ndani ilikuwa nyeusi.

"Sumu ya ukungu huu haimalizwi na moto," alisema.

Nyemo alikimbia nyumbani. Semeni alikuwa amekaa chini, bakuli mapajani, analamba kijiko. Mama yake akampokonya, akamgeuzia uso kwenye mwanga, akamvuta kope. Macho yalikuwa meupe. Lakini hata ya yule wa jirani, wiki iliyotangulia, yalikuwa meupe.

Chilongola alifika nyuma yake, anahema.

"Shemeji, mimi nilijua wewe utaziona."

"Na mimi nilijua umeshaziona," Nyemo alijibu, bila kumwachia mtoto.

Wakamtazama Semeni, ambaye alikuwa anakililia kijiko chake. Hawakuwa na la kufanya ila kumbeba kwenda zahanati na kungoja.

Basi niambieni, wazazi wenzangu: uji ule ulianza kupikwa wapi?