Fisi na Mchepuo Unaoliwa

Hodi, masikio!
— Karibu, maneno!
Yakiingia yakae wapi?
— Yakae popote, ila yasikae kimya!

Haya, sogeeni, nisimulie upesi upesi.

Hapo nyikani palikuwa na chuo, na chuoni wanyama walisomea Shahada ya Biashara. Miaka miwili wote walisoma mambo yaleyale. Mwaka wa tatu kila mmoja anachagua mchepuo wake, anajaza fomu, anaipeleka kwa Bi Kanga msajili, Bi Kanga anagonga muhuri, nga! Ukishagongwa umegongwa, hakuna kuhama.

Sasa alikuwepo Nguchiro, kamama kadogo hivi, mwepesi, macho hayatulii. Ana mtoto mmoja, Kidawa, kwa hiyo wanamwita Mama Kidawa. Na alikuwepo Fisi. Fisi na Mama Kidawa walipangwa kikundi kimoja tangu mwaka wa kwanza. Kazi ya kikundi ikitoka, Fisi anakula, Mama Kidawa anaandika. Kazi ya pili ikitoka, Fisi analala, Mama Kidawa anaandika. Kazi ya tatu ikitoka, Fisi anauliza, "Jina langu umeliweka juu?" Mama Kidawa anaandika, mtoto analia shimoni hajanyonya, na bado anaandika.

Siku ya fomu ilipofika, Fisi akamfuata, kwata, kwata, kwata.

"Shemeji!"

"Abee, shemeji."

"Mimi na wewe mchepuo mmoja. Nitakaokwenda mimi ndio utakaokwenda wewe. Ukinikimbia, namla Kidawa."

Jamani! Miguu ya Mama Kidawa ikataka kukimbia, lakini akimbilie wapi, na mtoto yuko shimoni? Akasema, "Sawa, shemeji. Kaa basi nikusomee, uchague mwenyewe." Maana Fisi kusoma kulikuwa kunamuumiza macho.

Akasoma, "Uhasibu."

"Ndio nini?"

"Kuhesabu vitu."

"Vinaliwa?"

"Haviliwi, vinahesabiwa tu."

"Piga chini!"

Akasoma, "Masoko."

"Ndio nini?"

"Unacho kitu, unamshawishi mwenzio akichukue."

"Kitoke kwangu kiende kwake?"

"Eeh."

"Piga chini, tena kwa nguvu!"

Akasoma, "Ununuzi na Ugavi."

"Ugavi ndio kugawa?"

"Kugawa, shemeji. Huyu umpe, yule umpe, na wa kule mbali apelekewe."

Fisi akashika tumbo kama amechomwa mwiba. "Usinitajie tena hilo neno!"

Basi Mama Kidawa akainamia karatasi, akasoma haraka haraka kwa sauti ya chini, kama mtu anayeficha kitu kwapani, "Rasilimali Watu, haya tuendelee, huu mwingine…"

"Rudi nyuma! Umesemaje?"

"Aa, shemeji, huo tuuache."

"Rudia!"

"Rasilimali Watu."

Fisi akasimama. "Mali?"

"Mali."

"Watu?"

"Watu."

"Wanaliwa?"

"Mimi sijasema wanaliwa, shemeji. Mimi nimesema watu ni mali, na karatasi ndivyo inavyosema."

Mate yakaanza kumdondoka Fisi, to! to! to! "Na darasani tutakuwa wangapi?"

"Hakuna aliyejiandikisha. Tutakuwa wawili, mimi na wewe, nusu kwa nusu. Ila mimi nina mtoto, shemeji, naomba uniongezee kidogo, nusu yangu na paja moja la nusu yako, na Kidawa naye ana shangazi zake…"

Mate yakakatika. "Nusu ya nani?"

"Si umesema tuwe pamoja?"

"Nimesema lini? Wewe nenda huko kwenye ugavi, kagawe mpaka uchoke! Nikikuona darasani kwangu, namla Kidawa!"

"Shemeji, usinitupe!"

"Nimekutupa!"

"Nitakwenda na nani mimi?"

"Nenda na njaa zako!"

Akanyakua fomu, huyoo kwa Bi Kanga. Bi Kanga akamtazama jicho moja, akamtazama jicho la pili. "Una hakika, baba?"

"Gonga!"

Nga!

Siku ya kwanza Fisi akafika na njaa ya siku tatu. Mwalimu Ngiri akamwambia, "Watu wako wapo mlangoni." Fisi akachungulia. Lo! Swala, Pundamilia, Pofu, Digidigi, foleni mpaka mtoni.

"Nianze na yupi?" akauliza, to! to! to!

"Anza na wa mbele. Unamsikiliza lalamiko lake, unaandika, unatia sahihi. Humgusi. Nakala inakwenda kwa Simba, mkuu wa chuo, na Simba anasoma zote. Kwa kuwa upo peke yako darasani, foleni yote ni yako."

Fisi akasikiliza Swala, akaandika. Akasikiliza Pundamilia, akaandika. Akasikiliza Digidigi, analia huyo hanyamazi, akaandika. Saa nne ikafika, foleni ndiyo kwanza inapinda kona. Akatoroka dirishani akamkimbilia Mama Kidawa.

"Shemeji, njoo uniandikie!"

"Mimi ni wa Ugavi, shemeji. Nagawa tu."

"Namla Kidawa! Leo hii!"

Mama Kidawa akambeba mtoto mgongoni, akaenda, akapanga foleni. Ilipofika zamu yake, Fisi alikuwa amesharudishwa kitini, Mwalimu Ngiri kamsimamia nyuma.

"Lalamiko?" akanguruma Fisi.

"Kuna mtu anasema atamla mwanangu."

"Jina la mtu?"

"Fisi."

Kalamu ikaganda. Mwalimu Ngiri akakohoa. "Andika."

Akaandika.

"Hatua inayofuata?" akauliza Mwalimu.

"Barua ya onyo."

"Inakwenda kwa nani?"

"Kwa Fisi."

"Inatoka kwa nani?"

"Kwa Fisi."

"Na nakala?"

Fisi akasema kidogo sana, kama kifaranga, "Simba."

Basi akajiandikia, akajikabidhi, akajisainia kupokea, na tangu siku hiyo akipita karibu na lile shimo hupita upande wa pili, tena anaamkia. Mama Kidawa aliporudi alimnyonyesha mwanawe, akamaliza kazi moja tu, iliyo na jina lake, akalala.

Kwa hiyo, wadogo zangu mnaongoja kuchagua mchepuo, shikeni mafunzo. Msiulize unafundisha nini, mtapoteza muda. Tazameni jina, likiwadondosha mate, gongeni muhuri. Na mkiwa na mwenzenu anayewaandikia kazi, mfukuzeni mapema, msije mkagawana naye.

Mimi nimeshatua mzigo wangu hapa. Aliyesinzia aulize jirani yake.
— Na jirani naye kasinzia!